Chemba ndani ya gego

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, Dodoma, na pembeni natengeneza mvinyo kidogo wa nyumbani. Mapipa manne tu. Nayataja mapema kwa sababu ndiyo yaliyonisaidia kuelewa kilichonipata mdomoni. Bila hayo huenda mpaka leo ningekuwa nasema nimelogwa.

Ilianza kwa maji ya baridi. Ilikuwa mavuno ya Agosti, jua la saa nane, nikanywa maji ya friji dukani. Gego la chini, upande wa kulia, likashtuka. Lilikuwa na tobo siku nyingi na nilishazoea kushtuka kwake, likishtuka linatulia hapohapo. Siku hiyo halikutulia. Likakaa dakika kadhaa linadunda kama lina moyo wake. Usiku wa kwanza nililala, wa pili sikulala. Nikijilaza linapiga, nikikaa linapungua, kwa hiyo nikahamia kwenye kiti uani mpaka jogoo wa kwanza. Ajabu ni kwamba siku ya tatu mambo yaligeuka: chai ya moto ikawa ndiyo adui, na maji ya baridi ndiyo dawa. Nikawa nazunguka shambani na chupa ya maji ya barafu, nasukutua kila baada ya muda mfupi, vibarua wananiangalia.

Na ukiniuliza ni jino lipi, sijui! Mke wangu akanimulika na tochi ya simu. "Baba Neema, lipi?" Nikaonyesha la juu. Baadaye la chini. Mara nikasema ni sikio. Nilichokuwa na uhakika nacho ni upande tu.

Nilikwenda zahanati moja, sitaitaja. Nikapewa antibayotiki na dawa za maumivu bila hata kuambiwa nifungue mdomo. Siku ya tano maumivu yakakatika ghafla. Nikashukuru, nikala karanga. Mzee jirani yangu akanihakikishia kwamba mdudu wa jino amekufa.

Siku mbili baadaye niliamka shavu limejaa. Na jino, sijui niseme vipi, lilikuwa limerefuka. Nikifunga mdomo linagusa kabla ya wenzake, na likigusa naona nyota. Sasa nilijua ni lipi, ningeweza kulionyesha gizani.

Nikampigia mpwa wangu anayesomea udaktari pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Huyu binti hana subira na mimi. "Mjomba, halikupona, lilikufa. Na hizo antibayotiki zinasafiri kwa damu, sasa ndani ya jino lililokufa damu inafikaje? Panda gari leo. Uvimbe ukishuka chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa." Kuhusu mdudu alinicheka: yupo daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, aliyempinga huyo mdudu tangu 1728, kwa hiyo mzee jirani yangu amechelewa kidogo.

Basi nikapanda daladala kwenda mjini, nikihesabu matuta kwa jino.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo. "Shikamoo mzee." Nikaitikia kwa nusu ya mdomo. Akapiga picha, akaitazama, akasema, "Chemba ya jino imeoza yote." Sasa mtu wa Dodoma akisikia Chemba anafikiria wilaya ile ya njia ya Kondoa. Wazo la pili likawa chemba ya choo, ile yenye mfuniko wa zege. Nikamwambia. Akacheka, akasema hili la pili halijakosea sana.

Akanichorea nyuma ya kadi yangu. Nje ya jino kuna ganda jeupe, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa hauoni ndani. Chini yake kuna dentini, tabaka la pili la jino. Katikati kabisa kuna chumba, na chumba kina vijia vinavyoteremka ndani ya mizizi. Humo ndani mna nyama laini yenye neva na mishipa ya damu: ndicho kiini cha jino. Ni kidogo mno. Ukikusanya viini vya meno yote 32 ya mtu mzima unapata kama sentimita za ujazo 0.38, hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai haijai. Na mlango mkuu wa damu kuingia na kutoka ni tundu kwenye ncha ya mzizi, halifiki nusu milimita.

"Nyuki akikuuma mdomo unafanyaje?" akaniuliza.

"Unavimba."

"Na jino likivimba kwa ndani liende wapi?"

Hapo ndipo nilipoyakumbuka mapipa.

Mwaka wangu wa kwanza wa mvinyo nilikuwa na haraka. Mvinyo ulikuwa bado unachachuka, nikaujaza kwenye chupa za kioo, nikagonga vizibo nikijisifu. Usiku wa tatu stoo ikalia kama bunduki. Chupa sita zilipasuka. Pembeni yake kulikuwa na dumu la plastiki lenye mvinyo uleule, gesi ileile. Lenyewe lilivimba tu kama tumbo la mbuzi aliyeiba mahindi, likakaa linanisubiri nije nilegeze kifuniko. Tangu siku hiyo kila pipa langu lina mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko na kuzama kwenye chupa ya maji, ili pumzi itoke na hewa isiingie. Nikiingia stoo nasikiliza mapovu kwanza.

Shavu ni dumu. Jino ni chupa. Tofauti ni kwamba jino halipasuki, kinachoharibika ni kile kilichomo. Sehemu iliyovimba inabana mishipa yake yenyewe, inakufa, ugonjwa unasogea sehemu inayofuata, kipande kwa kipande mpaka kwenye mizizi. Ukitoka kwenye ncha unaingia kwenye nyuzi zinazolishika jino na taya. Nyuzi hizo, alisema, ndizo zinazojua mahali. Kiini chenyewe kinajua kulia tu, hakijui kusema kipo wapi. Ndiyo maana mwanzoni nilikuwa naonyesha kila pahali.

Akanichoma ganzi, akatoboa. Nilisikia harufu kabla ya kitu kingine, na nawaomba radhi wasomaji, ilikuwa harufu ya chemba. Kisha ule mkazo wa siku zote ukashuka, nikauhisi unashuka licha ya ganzi yangu. Machozi yakanitoka bila aibu. Gego langu lilikuwa na vijia vitatu. Viwili vilikuwa usaha mtupu. Cha tatu kilinirusha kitini: humo neva ilikuwa bado hai. Akaongeza ganzi, akaingiza kisindano chenye mikwaruzo, akakizungusha, akakitoa na kunionyesha kwenye shashi. Uzi wa rangi ya waridi, mfupi, unavutika kama mlenda. Nikauangalia kwa muda. Wiki nzima ya kukesha uani, kumbe kwa ajili ya kitu cha namna hii.

Mengine yalikuwa kazi ya usafi. Anaosha vijia kwa dawa ambayo ni ileile inayong'arisha nguo nyeupe, anapaka dawa ya jamii ya chokaa, anaziba kwa muda, unarudi baada ya wiki mbili. Mwisho anajaza guttapercha, utomvu wa miti ya huko Malaysia na Indonesia. Kung'oa kungekuwa rahisi zaidi mfukoni, sikatai. Ila nina meno machache ya kutafunia yaliyobaki.

Jioni nilipompa mpwa wangu taarifa, akanifungulia darasa. Mwili, alisema, una vyumba vingi visivyotanuka. Akanikumbusha kidole changu nilipojigonga nyundo nikipigilia nguzo za mizabibu: damu ilikwama chini ya ukucha, muuguzi akatoboa kitundu, damu ikaruka na maumivu yakaisha palepale. Akanikumbusha na binamu yetu aliyeanguka na bodaboda akavunjika mguu. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko migumu. Ikivimba humo damu haipiti, na saa chache zinatosha misuli kufa. Madaktari walimpasua mguu pande mbili na kuuacha wazi siku kadhaa. Sisi ndugu tulilalamika sana hospitali, tukidhani wamemharibu kijana wa watu. Leo anacheza mpira.

Halafu akafika kwa mama yangu, yaani bibi yake. Mama alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Tukasema ni vikope, kwa sababu huku vikope ndivyo tunavyovijua. Kumbe presha ya macho. Jicho linatengeneza maji yake muda wote na lina mfereji wa kuyatoa. Mfereji wake ulikuwa umeziba, maji yanaendelea kuja, na kilichokuwa kinabanwa ni neva ya nyuma. Pembeni kote kumezima na hakurudi. Kinachoniuma ni kwamba mama hakuwahi kusikia maumivu yoyote. Jino langu lilipiga kelele mpaka mtaa ukajua. Macho ya mama yaliondoka kimya, kwa miaka.

Dawa yake ni ya matone, na zamu ya saa mbili usiku ni yangu. Daktari wa meno anataka niweke kofia juu ya gego kwa sababu sasa ni dhaifu, mimi nasubiri mauzo ya Februari. Juzi mama amelaza kichwa kwenye kiti, nimemshika kope, akaniuliza, "Lile jino lako vipi?"

"Limekufa, mama. Ila nalitafunia."

Akacheka mpaka tone likamwagikia shavuni, ikabidi nimwekee lingine.