Waya Uliokatika Ndani ya Ganda

Roketi ilishuka na parachuti ndogo peke yake. Kumbukumbu za altimita, kifaa kinachopima kimo na kuamuru parachuti zifunguke, zilionyesha kwamba umeme wa kufungua parachuti kubwa ulitumwa kwenye mita 200, kama tulivyopanga, lakini baruti yake haikulipuka. Kwa hiyo hatukuanza na kutafuta hitilafu. Swichi ilizimwa, betri ikatolewa, kisha kiberiti cha umeme, kile kinachowasha baruti, kikachomolewa na ncha zake mbili zikasokotwa pamoja. Baruti ambayo bado iko hai haichezewi.

Jioni tulipofungua chumba cha vifaa, waya wa kutoka kwenye altimita hadi kwenye kiberiti ulionekana mzima, na multimita, kipimo cha umeme, ililia kawaida kuonyesha kwamba njia ya umeme haijakatika. Mwenzetu mmoja akaanza kuupinda waya huku kipimo kikiwa kimeshikizwa, na mlio ukawa unakatika na kurudi. Tulipochana ganda la waya tukaona kiungo cha zamani, pale ulipowahi kuungwa kwa lehemu, chenyewe kiko imara kabisa. Nyuzi zilikuwa zimekatika pembeni yake, pale lehemu ilipokomea, milimita chache ndani ya ganda. Aliyeunga alikuwa ametia lehemu nyingi mno, ikapenya katikati ya nyuzi na kuufanya waya mgumu kama msumari, na kila mtikisiko wa injini ukaishia kwenye mpaka wa sehemu ngumu na laini. Kabla ya kuruka, altimita iliona mzunguko umekamilika kwa sababu nyuzi zilizokatika bado zilikuwa zikigusana.

Kiungo bora ni kile kisichokuwepo: toa waya wote, weka mpya. Hapa haikuwezekana, maana waya ulipita kwenye kizuizi cha mbao na kuzibwa kwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu. Tukakata sehemu mbovu, tukaunga.

Waya ulikuwa wa nyuzi nyingi, namba 22 kwa AWG, kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya. Tulimenya milimita 20 kila upande, tukikagua kama koleo limekata uzi wowote. Ukikatika hata mmoja, kata ncha yote uanze upya. Mpira wa kusinyaa, kifuko chembamba kinachobana waya kikipashwa moto, ulivishwa mapema na kusogezwa sentimita 10 kutoka mahali pa kuunga, usije ukasinyaa kabla ya wakati wake. Hatua hii husahauliwa na mafundi wazuri mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ncha mbili zilipishanishwa katikati, kisha kila moja ikazungushwa kwenye mwenzake kwa mizunguko iliyobanana. Kwa maoni yangu kazi yote iko hapa. Kiungo kivutwe kwa nguvu kabla ya kutiwa lehemu. Kikiteleza, lehemu haitakiokoa. Ncha kali zilikatwa na kulazwa, kwa kuwa zingetoboa mpira.

Tulitumia lehemu ya bati asilimia 63 na risasi 37, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi na kuganda papo hapo, bila ile hali ya ujiuji ambamo waya ukitikisika kidogo kiungo huharibika. Fluksi, dawa inayosafisha metali ili lehemu ishike, iwe ya utomvu. Ya asidi, ile ya mabomba, itaendelea kuila shaba taratibu. Chuma cha kulehemu kilikuwa kwenye nyuzi joto 350. Kilishikwa chini ya kiungo na lehemu ikaguswa juu, ili iyeyushwe na waya wenyewe, kwa sekunde 2 au 3. Kibanio cha chuma kilibana waya karibu na ganda kila upande, kikanyonya joto na kuzuia lehemu isipenye humo. Umbo la nyuzi lilibaki linaonekana chini ya lehemu. Ukiona donge, umezidisha.

Baada ya kusafisha kwa alkoholi, mpira ulisogezwa ukavuka kiungo na kulala juu ya ganda milimita 10 kila upande, ukapashwa kwa hewa moto kuanzia katikati. Mpira huo ndio hupunguza mpindo pale waya ulipovunjika mara ya kwanza. Kiungo cha waya wa pili wa kiberiti kiliwekwa milimita 25 mbali na cha kwanza, visikae ubavu kwa ubavu.

Mita 1 ya waya huo ina ukinzani wa takriban omu 0.05 tu, hivyo namba ya multimita pekee haithibitishi mengi. Tuliiacha imeunganishwa, kiberiti kikiwa mbali, tukaupinda na kuutikisa waya huku tukisikiliza mlio. Kisha ukafungwa kwenye ubao kwa vifungo pande zote mbili za kila kiungo, ukiachiwa ulegevu kidogo.

Mmoja wetu alitaka kupaka lehemu ncha zinazoingia kwenye skrubu za altimita, zikae nadhifu. Tulikataa. Lehemu ni laini, hubonyea polepole chini ya mgandamizo, na skrubu hulegea bila kuguswa. Nyuzi zilisokotwa zikiwa tupu, zikakunjwa mara moja, zikabanwa. Tulipovuta kila waya, skrubu moja ilihitaji robo mzunguko zaidi.