Bibi kawaamua

Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa jioni, hapa Wete, Pemba, kazi ya kuandika kwa Kiingereza jambo walilolishuhudia kwao. Mmoja akaandika habari ya bibi yake. Mtu na wifi yake waligombania pahala pa kuanika karafuu. Mmoja alikuta jamvi la mwenzake limeingia upande wake, akalikunja na karafuu zake ndani. Walipofika kushikana kanga, bibi akatoka na kigoda, akakiweka baina ya majamvi mawili, akakaa, akavuta pakacha la karafuu mbichi akaanza kuchambua makonyo, vile vijiti vyake. Hakusema neno. Wale wawili wakakosa pa kupita.

Mwanafunzi akaandika kuwa bibi yake "interfered". Sarufi ilikuwa sawa, lakini roho iliniuma kwa ajili ya bibi wa watu. Neno lile linamfanya mtu aliyejidukiza, katia mdomo yasiyomhusu.

Basi nikaandika ubaoni maneno mawili. "Intervene" asili yake Kilatini, intervenire: inter ni kati, venire ni kuja. Waingereza wanalo tangu karne ya 16. "Interfere" limepitia Kifaransa cha zamani, entreferir, yaani kupigana wao kwa wao, na ndani yake mna ferire ya Kilatini, kupiga. Kwa Kiingereza lilisemwa hasa kwa farasi ambaye akitembea mguu mmoja unaugonga mwengine. Asili ya moja ni kuja, ya jengine ni kugonga.

"Basi bibi alikuja kati, Mwalimu."

Ndiyo. Redioni tungesikia "ameingilia kati", picha ile ile ya Kilatini. Lakini nyumbani hakuna aliyesema hivyo, walisema bibi kawaamua. Hili ndilo neno nilipendalo. Kuamua ni kuwatenganisha walioshikana, na humo humo ndimo alimotoka mwamuzi wa mpira na uamuzi wa hakimu. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinachobeba yote hayo, kumtoa mtu mikononi mwa mwenzake na kukata shauri.

Akafuta, akaandika "intervened". Halafu akauliza kama anaweza kuongeza kwamba bibi hakunyanyuka mpaka zilipotimia pishi mbili. Nikamwambia aongeze.