Rafiki barazani

Waingereza wana msemo wao wa zamani, "friend at court", na mimi miaka yote nilidhani ni mambo ya kortini, yani hakimu ni jamaa yako basi kesi inakwisha mapema. Kumbe court yenyewe ni ile ya mfalme, wanapokaa wakubwa, kwa hiyo hapa Lamu tungesema rafiki barazani, ingawa baraza zetu ni za mawe na wakubwa wake ni wazee wa kahawa.

Shakespeare ameutia kwenye tamthilia yake Henry IV sehemu ya pili. Anayeusema ni hakimu mzee wa shamba, Shallow, ati rafiki kwa mfalme ni bora kuliko sarafu ya peni mfukoni, ndio maana anamkirimu Falstaff, sahibu wa mwana wa mfalme. Hapo hapo mtumishi wake Davy anamwombea jamaa yake mwenye kesi, Shallow anamwambia huyo si ni laghai, Davy anasema najua ni laghai, lakini nimekutumikia miaka 8, kama siwezi hata mara moja moja kumbeba laghai dhidi ya mtu mwema basi sina thamani kwako. Nikacheka peke yangu, hii si ndio "nina mtu pale" ya kwetu!

Sasa mimi nilikuwa nafuata kibali cha kibanda changu, miezi inapita, ami akaniambia we tulia, nina mtu pale. Nikanunua kilo ya halua, tukapanda boti mpaka bara, tukakaa pale nje toka saa mbili na jua lile mpaka mtu mwenyewe akatoka, ami akainuka mbio, "Bwana mkubwa!" Yule simu sikioni hata hakusimama. "Mzee, foleni iko kule."

Na Falstaff ndio hivyo hivyo, rafiki yake katawazwa, anamwita kwa kelele mbele ya watu, anajibiwa mzee, sikujui. Kisha anamgeukia Shallow, ambaye keshamkopesha pauni 1000, anamwambia usijali, pale mbele za watu ilibidi afanye vile, ataniita faraghani.

Kwenye boti ya kurudi ami kimya, tulipokaribia gati ndio akasema, "Mwanangu, mbele za watu vile angefanyaje? Usiku atanipigia."

Leo siku ya 9. Halua alirudi nayo kwake.