Kuvihoji Vijidudu Vikiwa Kwao

Sisi tunaochunguza vijidudu huanza kazi pale wenzetu wanapoimaliza. Nyambizi Alvin hushushwa baharini asubuhi ikiwa na watu watatu ndani, rubani mmoja na watafiti wawili, na hurudi juu alasiri. Waogeleaji wakishaifunga kamba na mtambo wa shetri ukaipandisha sitahani, wanajiolojia huchukua mawe yao, aliyezama kwa mara ya kwanza humwagiwa ndoo ya maji ya barafu kama ilivyo desturi, kisha wote hukimbilia chakula cha jioni kabla jiko halijafungwa. Sisi hubeba chupa na masanduku yenye vifuniko mbiombio hadi chumba cha baridi, kwa sababu kila dakika inayopita huku juu inakibadilisha kile tulichokwenda kukitafuta. Sasa nyambizi imekwisha kufungwa kwa safari, meli imegeuza omo kuelekea bandari ya Manzanillo, Meksiko, na nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu sampuli za kwanza zilipofika mikononi mwangu: je, vijidudu hivi ninavyoviweka chini ya hadubini bado ni vile vilivyokuwa kule chini?

Eneo letu la utafiti liko kwenye safu ya milima ya chini ya bahari iitwayo Mgongo wa Pasifiki Mashariki, karibu na nyuzi 9 na dakika 50 kaskazini mwa ikweta, ambako mabamba mawili ya gandunia yanaachana kwa kasi ya takriban sentimita 11 kwa mwaka. Kina chake ni kama mita 2,500. Maji ya bahari hupenya katika nyufa za miamba, hupashwa moto na magma, hukwangua madini njiani, kisha hupanda tena yakiwa na joto linaloweza kuzidi nyuzi 350 za Selsiasi bila kuchemka, kwa kuwa mgandamizo wa maji yaliyo juu yake ni mara 250 hivi ya ule wa hewa ya pwani. Yakikutana na maji ya baharini ya nyuzi 2, chuma, shaba na zinki vilivyoyeyuka humo hushikana na salfaidi (kampaundi ya salfa) na kuganda papo hapo kuwa chembe nyeusi. Huo ndio moshi ambao kila mtu ameuona pichani. Lakini moshi huo haunihusu sana. Vijidudu ninavyovitafuta hustawi zaidi pembeni, mahali ambapo maji ya moto yamechanganyika na ya baridi ndani ya miamba na kuvuja yakiwa vuguvugu. Mojawapo ya chemchemi hizo, ambayo watafiti waliibatiza Crab Spa kwa wingi wa kaa wake, hutoa maji ya nyuzi 25 hivi, joto ambalo mtu wa Tanga angeliona la baridi kidogo kwa kuoga.

Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa mshipi, anaifahamu shida yangu bila kusoma kitabu chochote. Chewa akivutwa haraka kutoka kwenye kina kirefu hufika mashuani macho yamemtoka na kibofu cha hewa kimevimba hadi mdomoni, na hakuna atakayejua jinsi samaki huyo anavyoogelea kwa kumtazama katika hali ile. Kijidudu hakina kibofu, wala hakipasuki. Hata hivyo utando wake na vimeng'enya vyake vimeumbika kufanya kazi chini ya uzito ule, na zaidi ya hapo, maji yaliyokizunguka hayabaki yalivyokuwa: chupa ya kawaida inapopanda, haidrojeni, methani na salfaidi zilizokuwa zimeyeyuka hutoka kwa povu, joto hushuka, na hewa ikipata upenyo huingiza oksijeni mahali ambapo karibu haikuwapo. Ninapochoma sindano kwenye kizibo na harufu ya mayai viza ikajaa maabara, najua kwamba sehemu ya chakula cha vijidudu vile inaishia puani mwangu.

Somo hili la mgandamizo lilikuja kwa ajali. Mwezi Oktoba 1968, kamba za kuishushia Alvin zilikatika, watu watatu waliokuwamo wakatoka salama, na nyambizi ikazama mita 1,540 hivi pamoja na chakula chao cha mchana. Ilipoopolewa mwaka uliofuata, mikate yenye nyama, matofaa na supu vilikuwa vimelowa lakini vinalika, ilhali mabaki yaleyale yalipowekwa kwenye jokofu yaliharibika katika wiki chache. Holger Jannasch, mwanamikrobiolojia wa Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, hakulichukulia jambo hilo kuwa kichekesho. Yeye na wenzake walirudisha vyakula vya aina mbalimbali kwenye kina na kuvilinganisha na vingine vilivyowekwa maabara katika baridi ileile, wakaona kwamba uozaji kule chini ulikuwa wa polepole mara 10 hadi 100. Bahari ya kina ikaonekana kuwa ghala ya baridi ambamo maisha yanajikokota.

Mwaka 1977 picha hiyo ikavurugika. Wanajiolojia waliozama kwenye Ufa wa Galápagos, bila mwanabiolojia hata mmoja melini, walikuta chaza wakubwa na minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu wamejazana kandokando ya maji ya moto, na chupa walizozileta juu zilinuka salfaidi kama zangu. Jannasch mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanabiolojia waliofika huko mwaka 1979. Nampenda mtu huyu kwa sababu hakuning'inia kwenye jibu lake la awali. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa mkate uliolala kwenye tope la baridi, na halikuwa na haki ya kusafirishwa hadi kwenye chemchemi ya moto.

Mnyoo ule mwekundu, Riftia pachyptila, hana mdomo wala utumbo. Colleen Cavanaugh alikuwa mwanafunzi tu pale Harvard aliposikia katika mhadhara kwamba ndani ya mwili wa mnyoo huo kuna chembe za salfa, akasimama na kusema kwamba lazima humo mna bakteria wanaoitumia salfaidi kumtengenezea mnyoo chakula. Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1981. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba bakteria huyo hadi leo hajawahi kuoteshwa peke yake maabara. Tunazijua jeni zake na njia zake za kukamata kaboni, lakini nje ya mnyoo anakataa kuishi nasi. Nami nikiwa mwanafunzi nilivunjika moyo nilipolisikia hilo, kisha nikaona kwamba ndilo linalonipa kazi.

Njia tulizo nazo za kuvihoji vijidudu vikiwa kwao ni mbili, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuviua palepale: pampu huwekwa kwenye chemchemi, huchuja maji kulekule chini na kuutia mchujo dawa ya kuhifadhi, hivi kwamba molekuli zinazoonyesha jeni zipi zilikuwa kazini hugandishwa katika hali ziliyokuwa nayo. Njia hii ni ya kweli, lakini humpa mtafiti picha moja isiyosogea. Ya pili ni kuvileta juu vikiwa hai ndani ya chupa za titani ambazo zina gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa nyuma ya pistoni, ili mgandamizo wa mita 2,500 uendelee hata chupa ikiwa juu ya meza yangu. Maji yaliyomo huachwa katika joto la Crab Spa, tukayaongezea kitu kimoja kimoja, huku haidrojeni, huku naitreti, huku oksijeni, na kupima kwa saa kadhaa ni kipi kimetumika na ni kiasi gani cha kaboni kimegeuzwa kuwa mwili. Kazi ya aina hii iliyofanywa katika chemchemi hiyohiyo na kuchapishwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba bakteria wa kundi la Kampilobakterota ndio wazalishaji wakuu wa chakula chini ya sakafu ile.

Uchovu wa kazi hii ni wa namna yake. Chupa hazijali kwamba ni saa tisa ya usiku, vali hufunguliwa kwa robo ya mzunguko tu, na mawimbi yakianza kuitikisa meli, kuhesabu seli zilizotiwa rangi inayong'aa ni adhabu kwa macho na tumbo pia. Naikubali adhabu hiyo, maana nina mfano mmoja unaoniambia kwamba mgandamizo si urembo wa majaribio. Mwaka 2008 watafiti wa Kijapani walitangaza arkea (kijidudu cha seli moja kisicho bakteria) kutoka chemchemi ya Kairei, katikati ya Bahari ya Hindi, anayeitwa Methanopyrus kandleri, ambaye aliendelea kuzaana hata katika nyuzi 122. Katika mgandamizo wa kawaida wa maabara, kiumbe huyohuyo alikomea nyuzi 116. Kiwango cha juu kabisa cha joto kinachojulikana kwa maisha kimepatikana kwa sababu kuna watu waliojisumbua kumrudishia kiumbe huyo uzito wa bahari yake.

Chupa hizo zimenirekebisha pia katika jambo ambalo nimelisikia likirudiwa tangu chuo, kwamba maisha ya huku hayalihitaji jua. Kila nilipoongeza oksijeni kidogo, au naitreti, bakteria walichangamka. Oksijeni hiyo haitoki kwenye volkano. Imetengenezwa na mimea na mwani kwa usanisinuru huko juu penye mwanga, ikashuka na maji ya baridi, na naitreti nayo haitengenezwi bila oksijeni. Kwa hiyo mnyoo na bakteria wake, gizani kote huko, wanalitegemea jua kwa mkono wa mtu mwingine. Wanaoweza kudai uhuru kamili ni wachache, kama arkea yule wa Kairei, anayeishi kwa haidrojeni na kaboni dayoksaidi na kutoa methani. Naona maelezo haya ni matamu kuliko kauli ile ya mkato, na sielewi kwa nini vitabu vya kufundishia vinaendelea kuyaruka.

Kuna jibu jingine la hapa ninaloogopa likisafirishwa. Eneo hili lililipuka mwaka 1991 na tena kati ya 2005 na 2006. Mwezi Aprili 1991 waliozama na Alvin walikuta lava mpya, minyoo iliyoungua, na mabonge meupe ya vitu vilivyotengenezwa na bakteria yakirushwa kutoka kwenye nyufa. Chini ya miaka 3 baadaye minyoo ya Riftia yenye urefu wa mita moja na nusu ilikuwa imejaa tena. Wapo wanaohitimisha kwamba chemchemi hupona haraka, basi hata zikichimbwa kwa ajili ya shaba na dhahabu zitapona. Hitimisho hilo ni la Pasifiki. Katika migongo ya Bahari ya Hindi mabamba huachana polepole zaidi, chemchemi ziko mbalimbali, na viumbe wake hawakuzoea kufukuzwa na lava kila baada ya miaka michache. Huko ndiko anakoishi konokono mwenye magamba ya salfaidi ya chuma, Chrysomallon squamiferum, anayelishwa na bakteria waliomo katika tezi ya umio wake, ambaye mwaka 2019 aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka kutokana na tishio la uchimbaji. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari imekwisha kutoa mikataba ya utafutaji wa salfaidi zenye madini hayo katika bahari hiyo: China mwaka 2011, Ujerumani 2015, India 2016. Ni mikataba ya kutafuta, si ya kuchimba, lakini hakuna atafutaye bila nia.

Tanzania na Kenya zimo katika mamlaka hiyo, na Mtanzania, Joseph Warioba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Maandalizi iliyoitangulia, katika miaka ya 1980. Kiti tunacho. Kinachotupungukia ni watu wanaoweza kuketi hapo na kusema, kwa vipimo vyao wenyewe, ni vijidudu gani vinalisha nini kwenye Mgongo wa Kati wa Bahari ya Hindi, na meli ya utafiti yenye nyambizi si kitu cha kuombea bajeti mwaka huu ukakipata mwaka ujao.

Ndiyo maana, wakati wa zamu hizi za usiku, nimekuwa nikifikiria maji mengine. Katika kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, kwenye Rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba (si kisiwa chetu), maji ya moto hutoka chini ya ziwa na kujenga minara midogo ya madini, katika kina ambacho mpiga mbizi mwenye mtungi wa hewa hukifikia. Mwanafunzi kutoka Uvira, Bujumbura au Kigoma angefika hapo kwa boti. Vijidudu vya huko havitakuwa hivi vya Pasifiki, na majibu yake yatabaki kuwa ya ziwa, lakini mgandamizo unaonikosesha usingizi hapa karibu haupo, na sampuli inaweza kufika kwenye chupa ya majaribio ikiwa bado na joto lake. Nimeanza kuandika pendekezo la utafiti. Sehemu ya vifaa ni fupi mno ukiilinganisha na orodha ya meli hii: mitungi, sindano, vizibo vya mpira, nitrojeni, na jokofu la kugandisha linaloweza kuendeshwa kwa jenereta.