Prosesa ya gemu: tazama kache kwanza

Nimehama kutoka prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 kwenda Ryzen 7 5800X3D kwenye kompyuta yangu ya mezani. Mazabodi ni ileile, maana soketi yake ya AM4 (pale prosesa inapochomekwa) inapokea zote mbili. Nilisasisha BIOS tu, ile programu ya msingi ya mazabodi. Hapo nimeokoa hela ya maana.

Tofauti nimeiona, ila si kila mahali. Nikicheza gemu nzito kwa ubora wa picha wa 4K mambo ni yaleyale, kwa sababu kadi ya grafiki ndiyo inayobeba mzigo. Lakini kwa 1080p, ambayo ina pikseli chache, kwenye gemu za kujenga miji, mji ukishajaa watu na magari, kule kukwamakwama kumeisha. Wastani wa fremu (picha) kwa sekunde umepanda, sawa, ila kilichonifurahisha zaidi ni kwamba fremu hazidondoki tena ghafla.

Kinachofanya kazi hiyo ni kache, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. 5600 ina MB 32 za kache ya ngazi ya tatu (L3), 5800X3D ina MB 96, baadhi yake zimepandishwa juu ya chipu yenyewe, hivyo data hailazimiki kufuatwa kila mara kwenye RAM, ambayo ni ya polepole zaidi. Ndiyo maana wingi wa kore (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) haunibabaishi. Core i9-14900K ya Intel ina kore 24 na inaweza kuvuta hadi wati 253, lakini Ryzen 7 7800X3D yenye kore 8 tu mara nyingi inaipita kwenye gemu, tena kwa umeme kidogo. (Wanaohariri video, nyie kore nyingi zitawafaa.)

Bajeti ikibana, chukua 5600, hela inayobaki iweke kwenye kadi ya grafiki.