Laptopu ilinitoa jasho jana
Wallahi jana sikulala. Laptopu yangu ina mifumo miwili ya kuiendesha, Windows na Ubuntu, sasa nafasi ikanibana, nkaingia Windows nkafuta patisheni ya Ubuntu yote, yaani kile kipande cha diski ilimokaa, GB 60 za bure hizo, nkajiona mjanja. Kuiwasha tena, skrini nyeusi tii, imeandikwa grub na kamstari kanapepesa, basi. Na joto hili la Tudor hapa Mombasa, jasho chapachapa. Kumbe hiyo grub ndo programu ya Ubuntu inayofungua mlango laptopu ikiwashwa, ukachagua Ubuntu au Windows, na mafaili yake nimeyafuta mwenyewe! Nkazima, nkawasha huku nabonyeza F12 mbiombio mpaka menyu ya kuchagua cha kuwasha ikatoka, nkachagua Windows Boot Manager, ikaingia bila neno. Asubuhi nkaingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya laptopu, nkaiweka Windows iwe ya kwanza kuwaka, nkashuka kutafuta mahamri.