Neno "sawa" kwenye kesi ya biashara, New York

Wakili mmoja kijana wa Dar es Salaam kaniandikia juzi: "Dada, shikamoo. Nimesoma wasifu wako kwenye tovuti ya ofisi yenu. Ulifikaje huko?" Wasifu wenyewe ni mistari minne: sheria Mlimani, uwakili Tanzania, uwakili New York, mashauri ya biashara. Kati ya mstari wa pili na wa tatu ilipita miaka 5, na hiyo haikuandikwa popote.

Nyumbani nilishasimama mara nyingi Mahakama ya Biashara, ile divisheni ya Mahakama Kuu iliyoanza 1999. Nilizoea joho, nilizoea kuitwa wakili msomi. Huku nilianza kwa kuhudumia wazee zamu za usiku, Bronx, huku shahada yangu ikichunguzwa karatasi kwa karatasi na bodi ya mitihani ya uwakili ya New York. Walipokubali, ukaja mtihani wa siku 2: siku ya kwanza kuandika, ya pili maswali 200 ya kuchagua. Kufaulu ni alama 266 kati ya 400. Mara ya kwanza nilipata 251. Nililia kwenye treni namba 4 mpaka kituo cha mwisho, Woodlawn. Mara ya pili nikavuka, nikamaliza na saa 50 za kazi ya sheria ya kujitolea zinazotakiwa kabla ya leseni.

Leseni haikuleta kazi. Nililipwa kwa saa kwa kazi ya kukagua nyaraka. Kesi za biashara huku nyingi huamuliwa humo, maana kabla ya kusikilizwa kila upande lazima umpe mwenzake nyaraka zinazohusu mgogoro: barua pepe, jumbe za simu, maelfu kwa maelfu. Unakaa mbele ya kompyuta toka asubuhi, unaweka alama: inahusika, haihusiki, siri ya mteja.

Ndipo ofisi moja ikatafuta mtu wa Kiswahili. Siwezi kutaja wahusika, na maneno nimeyageuza kidogo. Mnunuzi alimtumia muuzaji bei mpya kwa WhatsApp. Muuzaji, mteja wetu, akajibu: "Sawa kaka, tutaongea." Mfasiri akaandika kwamba amekubali, na madai yote ya mnunuzi yakajengwa juu ya neno hilo.

Nilisoma jumbe zao kwa siku 3. Yule bwana aliandika "sawa" mara 41. Sawa ya kuambiwa foleni ni kubwa, sawa ya kupewa pole, sawa ya kumaliza maongezi usiku. Alipokubali bei kweli, mara zote aliandika "tumekubaliana", akataja kiasi na siku ya kulipa. Nikazipanga zote kwa tarehe kwenye kurasa 2.

Wakili mkuu akanikalisha kando yake mnunuzi alipokuwa akihojiwa kwa kiapo. Walipofika kwenye ujumbe ule akanisogezea karatasi. Nikaandika: "Muuzaji alipokubali bei zilizotangulia, alikuandikia neno gani?" Akaliuliza vilevile. Mnunuzi akanyamaza, akamtazama wakili wake, kisha akasema: "Tumekubaliana." Kabla ya mwaka kuisha ofisi ile ilikuwa imeniajiri.

Kwa hiyo mdogo wangu, usije ukafikiri miaka yako ya mahakamani Dar itafutika. Ila usiondoke kabla hujazungumza na ofisi ya usajili ya chuo, maana matokeo yako lazima yatumwe na chuo chenyewe moja kwa moja. Na leseni yako ya uwakili ya Tanzania iendelee kulipiwa kila mwaka. Mimi yangu niliiacha ikalala, na kuifufua nikiwa mbali kulinichukua miezi 8.